UZI: Kifyonza vumbi cha betri kinakata ghafla na taa zote zinawaka. Betri, mota, au muundo wenyewe ndio mbovu?

#1 Mwana_Tudor
Salaam alaikum jamani. Nimekifungua kifyonza vumbi cha mkono, vile vidogo vya betri vya kusafishia gari na makochi, na nataka tukichambue kabla sijakirudishia skurubu. Jina silitaji. Kusema kweli hata sijui kama lile bandiko ni la aliyekiunda au la aliyekiuza.

Ukitoka mbele kwenda nyuma, kimepangwa hivi: mdomo mwembamba, kikombe cha vumbi cha plastiki, filta ya kitambaa yenye mikunjo, feni iliyopachikwa moja kwa moja kwenye mhimili wa mota, bodi ndogo ya sakiti, na ndani ya mpini seli tatu za lithiamu za ukubwa wa 18650 zilizounganishwa mfululizo kwa vibati vilivyochomewa. Hakuna kifuniko cha betri wala soketi, kila kitu kimechomelewa moja kwa moja. Bandiko lasema volti 11.1, mAh (miliampea-saa) 2200, wati 120.

Spidi kubwa chafanya kazi dakika nne hivi, kisha chakata. Sekunde moja kabla ya hapo taa zote tatu za betri ziko kijani. Nikibonyeza tena chalia kidogo na kukata. Spidi ndogo chaenda robo saa bila neno. Kilipokuwa kipya, spidi kubwa ilikaribia dakika kumi. Kina mwaka na nusu. Tunakaa Mombasa, karibu na maji, na watoto kila wakitoka kuogelea warudi na mchanga wa kutosha kujengea choo.

Mwaonaje?

#2 Chelewa_Hachakai
Ufagio wa chelewa hauna bodi wala seli, na haujawahi kunikatia katikati ya sebule. Endeleeni, nasoma tu.

#3 TuktukNyali
Filta hiyo imeziba, kaka, usijisumbue na mengine. Mimi nasafisha tuktuk jioni kwa kidude hicho hicho. Abiria wangu wengi watoka ufuo wa Pirates, na ule mchanga ni unga. Ukijaa kwenye mikunjo mota inalemewa, inakula stima nyingi, betri inaisha. Kung'uta, osha, rudisha. Hamna siri hapo.

#4 Pwani_Injinia
Kabla ya filta, tusome bandiko lenyewe, maana limeshajitaja. Volti 11.1 mara ampea-saa 2.2 ni watisaa 24 na kitu. Gawanya kwa wati 120, unapata dakika 12. Hizo ndizo dakika zote ulizonunua, tena seli zikiwa mpya na mtengenezaji akiwa mkweli. Ukiona boksi limeandikwa nusu saa, jua ni ya spidi ndogo.

Sasa geuza hesabu. Wati 120 kwa volti 11.1 ni karibu ampea 11. Seli ya kawaida ya mAh 2200, za aina iliyokuwa ikitiwa kwenye laptopu, imeundwa kutoa ampea nne, nne na nusu hivi. Hii yaombwa zaidi ya mara mbili ya uwezo wake kila ukibonyeza kitufe. Zipo seli za 18650 zilizoundwa kutoa ampea 20 na zaidi, zile za drili, lakini ni ghali. Aliyeunda kifaa hiki alitaka kuandika wati 120 kwenye boksi kwa bei ya wati 40.

Ndiyo maana taa zakudanganya. Hazihesabu chaji iliyobaki, zapima volti tu, na volti za seli iliyochoka hupanda zikipumzika na kuporomoka zikibebeshwa mzigo. Bodi ikiona zimeshuka mno, inakata ili kulinda seli. Spidi ndogo yaomba ampea chache, basi haziporomoki.

Na TuktukNyali, hapo kwenye mota kulemewa sivyo. Kiwashe kifyonza, uzibe mdomo kwa kiganja. Utasikia mlio unapanda. Mota inakimbia zaidi kwa sababu feni haina hewa ya kusukuma, kwa hivyo kazi imepungua na ampea zimeshuka. Ungekuwa na mita ungeona mwenyewe.

#5 TuktukNyali
Injinia, hesabu nzuri wallahi. Lakini mimi nikiosha filta kidude changu chadumu, nisipoiosha chazima. Hiyo nayo uigawanye kwa ngapi?

#6 Fundi_Kale
Nyote mna haki yenu. Ampea hushuka kweli ukiziba, hapo Injinia hajakosea. Lakini hewa inayofyonzwa ndiyo hiyo hiyo inayopita kwenye mota na kuipoza. Ukiziba filta, mota yafanya kazi ndogo ndani ya joto kubwa. Mota hizi za bei ya chini ni za kaboni, kaboni zasugua juu ya shaba, cheche kidogo, joto juu ya joto. Zingine zina swichi ndogo ya joto ubavuni, ikifikia kiwango inakata. Tuktuk, cha kwako huenda chakata kwa joto. Cha Tudor sina hakika, maana chenye kukata kwa joto ukikiwasha papo hapo hakiitiki kabisa mpaka kipoe. Chake chaitika kisha chakata.

Tudor, pima seli moja moja kikiwa kimepumzika, kisha kikiwa kimewashwa. Usipime zote tatu kwa pamoja ukaja kutuambia "ni 12".

#7 BintiKizingo
Naongeza kwenye filta kabla hamjaiacha. Nasimamia usafi wa nyumba za wageni, tuna vile virefu vya kusimama. Tatizo letu ni watu kuosha filta na kuirudisha mbichi. Vitabu vingi vya maelekezo vyasema iachwe saa 24 ikauke. Hiyo saa 24 aliiandika mtu aliyekaa penye hewa kavu. Hapa wakati wa kusi, mvua za Mei, taulo lenyewe lalala kambani siku mbili na bado lanuka. Filta mbichi ikipigwa na vumbi inageuka udongo, na unyevu wenyewe waenda motani.

Nilichofanya: kila mashine ina filta mbili, moja kazini, moja dirishani. Na wasichana nimewaambia mchanga kwanza kwa ufagio, mashine ifuate kwa vumbi. Chelewa usijivune.

#8 Chelewa_Hachakai
Sijasema kitu. Natabasamu tu.

#9 Mtu_wa_Bara
Kifaa cha aina hiyo hiyo niko nacho Nakuru mwaka wa tatu na hakijawahi nisumbua. Tofauti ni hewa yenu bana. Chumvi inaingia kila mahali, mpaka kwa mabati ya nyumba. Hizo vibati za betri zimeshika kutu, ndio hiyo. Nyinyi hata mkinunua mpya itaoza.

#10 NahodhaMstaafu
Kijana wa Nakuru amesema kwa kejeli lakini kasema jambo. Chembe ya chumvi huvuta unyevu angani, basi hata siku ya jua palipo na chumvi pana utando wa maji. Utando huo ukikaa kwenye kiungo cha chuma, chashika kutu na ukinzani wa umeme wapanda. Nifuatilie kwa hesabu ya Injinia: ampea 10 zikipita kwenye ukinzani wa omu 0.1 tu, wapoteza volti nzima, na wati 10 zageuka joto pale pale kwenye kiungo. Kwa spidi ndogo hulioni. Kwa hiyo ushahidi wa spidi kubwa na ndogo hauonyeshi seli peke yake. Waonyesha kiungo kibovu vilevile.

Muundo hapo una lawama. Tundu za kutolea hewa ziko wapi, Tudor? Kwa vingi nilivyofungua, hewa ya feni yatoka karibu na bodi. Yaani upepo wa chumvi na vumbi lililopenya filta vyote vyapulizwa juu ya sakiti isiyo na hata tone la vanishi.

#11 Mwana_Tudor
Asanteni. Majibu:

@Nahodha, ndiyo, tundu ziko ubavuni, sambamba na bodi. Bodi ina utando wa kijivu, lakini vibati vyang'aa.

@Fundi_Kale, vipimo. Kikiwa kimepumzika: 4.15, 4.14, 4.01. Kikiwa spidi kubwa, dakika nne hivi baada ya kuwasha: 3.4, 3.4, na ya tatu 2.5, kisha kikakata hapo hapo.

#12 Pwani_Injinia
Hukumu imetoka. Seli ya tatu ndiyo mgonjwa. Bodi yalinda kila seli peke yake, ikiona moja imeshuka mpaka huko inafunga duka zima, hata kama mbili zina chaji tele. Mbili nzuri zafungwa kwa kosa la mmoja.

#13 NahodhaMstaafu
Hukumu ya haraka. Ulishika ncha za mita wapi, Tudor? Kama ni juu ya vibati badala ya juu ya seli yenyewe, umepima seli na kiungo chake kwa pamoja.

#14 Fundi_Kale
Swali zuri hilo. Lakini hata tukisema ni seli, kwa nini ya tatu na si ya kwanza? Zilitoka kiwandani siku moja, zimefanya kazi moja. Mimi nimeona mambo mawili. Moja, iliyo karibu na mota hupikwa na joto, na seli ya lithiamu hailipendi joto, huzeeka upesi. Mbili, bodi nyingine, taa zake hunywa kutoka seli moja tu badala ya zote tatu. Kidogo kidogo, usiku na mchana, hata kifaa kikiwa kabatini. Mwaka na nusu watosha kabisa.

#15 Mwana_Tudor
Ya tatu ndiyo iliyo karibu na mota. Na waya mwembamba wa taa watoka hapo hapo pia. Umenitegea mtego, fundi.

#16 Kaskazi_Kusi
Au sababu ya tatu: hazikulingana tangu mwanzo. Kiwanda cha bei ya chini hakipangi seli kwa kuzipima, chachota tu kwenye boksi. Na bodi isiyosawazisha wakati wa kuchaji yaiacha tofauti ikue. Tudor, wachajia wapi? Kama ni jikoni juu ya friji, au ndani ya gari lililokaa juani, hapo pana jibu jingine. Seli hizi hazifai kuchajiwa kwenye joto la zaidi ya nyuzi 45 hivi, na gari likifungwa vioo jua la Februari lapita hapo bila shida.

#17 MamaMajlisi
Wanangu, mimi si fundi, lakini cha kwangu nilipewa shauri: kiache kimalize chaji yote mpaka kinyamaze kabisa, ndipo ukichaji. Betri isizoee kuchajiwa ikiwa nusu. Nakitumia kwenye majlisi, mito na zulia, hasa wiki ya kabla ya Idi.

#18 Kaskazi_Kusi
Mama, kwa heshima, shauri hilo lilikuwa la betri za nikeli-kadmiamu za zamani. Hizi za lithiamu hazipendi kukamuliwa mpaka tone la mwisho. Kikipunguza nguvu kichaji tu, hata kikiwa nusu. Na ukimaliza kazi ya Idi usikiweke kabatini kikiwa kitupu, kitie chaji ya nusu.

#19 MamaMajlisi
Ahsante mwanangu. Aliyeniambia ni mume wangu, ntamsomea.

#20 Mtu_wa_Bara
By the way hivi vitu viliundwa na NASA kwa ajili ya mwezini. Drili ya kuchimba mwezi ndio ilizaa vacuum ya betri. Sasa kama ilifanya mwezini itashindwaje Tudor?

#21 NahodhaMstaafu
Hadithi hiyo husimuliwa kichwa chini miguu juu. Black & Decker, kampuni ya zana ya Marekani, walikuwa wameshauza drili isiyo na waya tangu 1961. Baadaye walihusika na drili ya mwezini, iliyotumiwa mara ya kwanza na Apollo 15 mwaka 1971. Dustbuster yao, kifyonza cha mkono kilichofanya vitu hivi vijulikane majumbani, ilitoka 1979. Ujuzi wa mota ndogo na betri ulisaidia, hilo sikatai. Na mwezini hakuna unyevu wala chumvi ya kusi, hivyo mfano wako hausaidii.

Ukitaka mzee wao hasa, ni Hubert Cecil Booth wa London, 1901. Mashine yake ilivutwa kwa gari la farasi, ikasimama barabarani, mipira ikaingizwa madirishani.

#22 Chelewa_Hachakai
Farasi naye alikula nyasi, hakuhitaji chaja. Haya.

#23 TuktukNyali
Na filta hajaosha bado.

#24 Mwana_Tudor
Nimeosha, kaka. Iko dirishani kwa amri ya BintiKizingo. Swali la pesa sasa: nibadilishe seli ya tatu peke yake au zote? Na nimeona mtandaoni za mAh 9900 kwa bei ya soda mbili.

#25 Fundi_Kale
Hizo za 9900 ziwache huko huko. Seli ya ukubwa huu, milimita 18 kwa 65, ya kawaida iliyo nzuri hufika mAh 3500 hivi. Anayeandika 9900 angeweza kuandika hata laki. Iweke kwenye mizani ya sonara: ya kweli ni gramu 45 kwenda juu kidogo. Za uongo nyingi ni nyepesi, na nilizopasua nimekuta kiseli kidogo ndani ya ganda kubwa.

Badilisha zote tatu, za aina moja, zenye uwezo wa ampea 15 kwenda juu. Ukichanganya mpya na kuukuu utarudi hapa na uzi mwingine. Na usichomelee risasi moja kwa moja kwenye seli, joto la ile chuma laharibu ndani, hasa upande wa chanya. Nunua zenye masikio ya vibati yaliyochomewa tayari, au mpelekee mwenye mashine ya kuchomea vibati.

#26 BintiKizingo
Vibati vyenyewe viwe nikeli tupu, si bati lililopakwa nikeli. Njia bora ya kujaribu ni sumaku, nikeli haishiki.

#27 NahodhaMstaafu
Dada, nikeli yashika sumaku vilevile, sumaku haitakwambia lolote. Kikwaruze kibati kwa msasa, kitie kwenye maji ya chumvi usiku kucha. Kikiamka na kutu ni bati lililopakwa. Sisi wa Mombasa hata chumvi ya kupimia hatununui.

#28 Kaskazi_Kusi
Na chaja? Dada yangu alipoteza ya kwake akatumia ya rauta, ya volti 12. Tundu laingia sawa.

#29 Pwani_Injinia
Ya rauta yatoa volti 12, ukigawa kwa tatu ni 4.0 kila seli, na seli ikijaa ni 4.2. Haitajaa, basi dada yako atalalamika kwamba kifaa kimechoka. Hasara ndogo hiyo. Kuna watu huchomeka chaja ya laptopu ya volti 19 kwa sababu tundu limekubali. Hapo mategemeo yote ni kile kibodi cha bei ya peremende, kikishindwa ni moto. Muundo wa kuwapa vifaa vyenye volti tofauti tundu la umbo moja mimi nauona ni kosa kubwa kuliko seli zenyewe. Na seli kuukuu msizitupe jaani, zikipondwa zawaka.

#30 Mtu_wa_Bara
Lakini mbona waunde betri ambayo huwezi toa? Hio ni makusudi, ununue ingine.

#31 Pwani_Injinia
Makusudi au ubahili, sijui. Mlango wa betri wahitaji plastiki zaidi, springi, kiungo cha kubeba ampea 11 bila kupata moto, na kiungo hicho ndicho Nahodha angekilalamikia kwa chumvi. Kuchomelea ni rahisi na kiungo huwa kizuri. Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni mwaka 2023 kwamba kuanzia Februari 2027 betri za vifaa vya mkono ziwe za kutolewa na mtumiaji mwenyewe, pamoja na nafuu kwa baadhi ya vifaa. Labda tutaviona hapa pia, kwa kuwa kiwanda hakipendi kuunda miundo miwili. Labda pia ndivyo vile vya zamani vitakavyoletwa kwetu kwa wingi.

#32 BintiKizingo
Yangu ya mwisho ni brashi ya betri ya kusugulia vigae vya bafu, ile inayozunguka. Imeandikwa IPX7. Sisi huku maji ni ya kisima, ya chumvi. Vipini viwili vya kuchajia vimekuwa kijani.

#33 Pwani_Injinia
IPX7 ni kuzamishwa mita moja kwa nusu saa, kwenye maji baridi yasiyo na chumvi. Na kipimo hicho hakisemi lolote kuhusu vipini. Ukiviweka kwenye chaja vikiwa vimelowa, umeme wapita kati yake kupitia yale maji na kumla chanya. Suuza kwa maji ya mtungi, futa, kausha, ndipo uchaji.

#34 TuktukNyali
Maji ya mtungi kusuuzia brashi? Huku Kisauni ya kunywa tunagombania.

#35 MamaMajlisi
Na mimi nauliza kabla hamjalala. Ile brashi ya mbele inayozunguka, kwenye mkeka wa mkindu yafaa? Bibi kaniletea mpya kutoka Lamu na sitaki unyofolewe nyuzi.

#36 Fundi_Kale
Ing'oe brashi, mama, tumia mdomo mtupu. Au subiri Chelewa aje akujibu.

#37 Chelewa_Hachakai
Nishafika.